Una Boxer nyumbani? Sahani yake isiachiwe mabaki wala mtoto

Likizo ikikaribia, katika nyumba nyingi za mjini ombi huwa lile lile. Mtoto ameona mbwa kwa jirani au kwenye simu, mwenye uso bapa, macho makubwa na anayerukaruka kama mtoto mwenzake. "Baba, na sisi tununulie." Mara nyingi mbwa huyo ni Boxer.

Ombi lenyewe si baya. Boxer ni mbwa wa Kijerumani, mbegu iliyoendelezwa mjini Munich mwishoni mwa karne ya 19. Anajulikana kwa kupenda watoto na kwa kulinda nyumba. Shida ni kwamba suala la chakula wengi wetu hulifikiria mbwa akiwa tayari uani.

Wiki ya kwanza kila mtu anamlisha. Mama anampa wali uliobaki, baba anamletea mifupa ya nyama choma, dada wa kazi anamsongea ugali, mtoto anamdondoshea biskuti chini ya meza. Kila mmoja anaona amempenda. Mwezi wa pili mbwa anaharisha, mbavu zinahesabika, na mtoto analia.

Mzazi mwenzangu, leo tuzungumzie sahani ya mbwa huyu. Kulisha mbwa ni kazi ya mtu mzima mmoja anayejua anachofanya. Mlo ukikosewa, wa kwanza kuumia ni mbwa, na wa pili anaweza kuwa mtoto anayecheza naye.

Piga hesabu kabla hajafika

Boxer dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 30 na kitu, jike kama kilo 25. Dume wa kilo 30 anayecheza na kukimbia kawaida anahitaji takriban kalori 1,400 kwa siku. Chakula kikavu cha dukani huwa na kalori kama 350 hadi 400 kwa kila gramu 100. Maana yake atakula gramu 350 hadi 400 kwa siku, sawa na kilo 11 hadi 12 kwa mwezi.

Uliza bei ya kilo moja katika duka la karibu, zidisha, kisha ongeza chanjo na dawa za minyoo. Kama jibu linagusa ada au chakula cha watoto, ni heri mtoto aambiwe sasa kwamba mbwa atasubiri. Hilo linauma kidogo kuliko kumwona mbwa akikonda mbele ya macho yake.

Kama huwezi chakula cha mfuko lakini unaweza kupika, bado inawezekana, ila kwa utaratibu.

Ugali peke yake haumtoshi

Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9 hivi. Viwango vinavyotumika kutengeneza chakula cha mbwa vinataka, maji yakishaondolewa, protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mkubwa na asilimia 22.5 kwa anayekua. Kwa hiyo ugali mtupu, hata ukimjaza hadi tumbo limetuna, unampa karibu nusu tu ya anachohitaji. Anashiba, lakini misuli haijengeki. Boxer ni mbwa wa misuli, na upungufu huo huonekana haraka: mapaja yanasinyaa, manyoya yanakosa mng'ao, mbwa anakuwa mzito wa kucheza.

Dawa ya jambo hili iko sokoni kwetu. Dagaa wakavu wana protini karibu asilimia 60, na kwa kuwa mbwa huwala wazima na mifupa yao, wanampa pia madini ya chokaa. Kwa kilo moja ya unga wa dona weka dagaa wakavu robo kilo hadi nusu kilo. Robo kilo inamfikisha mbwa mkubwa kwenye kiwango cha chini tu. Nusu kilo ni bora zaidi, na kwa anayekua usishuke chini ya hapo. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kiini na ganda la hindi havijaondolewa.

Waoshe dagaa vizuri. Wengi huanikwa chini na hubeba mchanga, na wale wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, rudia, kisha chemsha. Ongeza mchicha, karoti au boga lililoiva, na kijiko cha mafuta ya kupikia. Usitie chumvi, kitunguu wala viungo.

Mara moja au mbili kwa wiki badilisha dagaa kwa yai lililochemshwa, nyama isiyo na mafuta mengi au kipande kidogo cha maini yaliyoiva. Hata hivyo, chakula cha kupika nyumbani hukosa baadhi ya madini na vitamini. Ukimpeleka mbwa kwenye chanjo, mweleze daktari wa mifugo unachompikia, naye atakwambia cha kuongeza.

Mbwa mchanga ana kanuni zake

Boxer huendelea kukua hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Akiwa na miezi miwili hadi mitatu mpe chakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Kuanzia miezi mitatu hadi sita, mara tatu. Baada ya hapo, mara mbili kwa maisha yake yote.

Kama bajeti inaruhusu kununua chakula cha mfuko kwa kipindi kimoja tu, kinunue katika miezi hii ya mwanzo. Chagua kilichoandikwa kuwa ni cha mbwa wachanga wa mbegu kubwa.

Wazazi wengi wakiona mbwa mchanga ana miguu mirefu na dhaifu hukimbilia vidonge vya kalsiamu. Usifanye hivyo bila daktari. Mbwa mchanga wa mbegu kubwa hawezi kuizuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini, na ikizidi huharibu ukuaji wa mifupa na viungo. Kumnenepesha haraka nako kunaumiza, kwa sababu uzito unakuja kabla mifupa haijakaza.

Maziwa ya ng'ombe si lazima baada ya kuachishwa kunyonya. Mbwa wengi hayawakubali tumboni, nao huharisha. Anachohitaji siku nzima ni maji safi. Boxer ana pua fupi, hapumui kwa wepesi kama mbwa wengine, na joto la Dar es Salaam au Mombasa humchosha haraka. Mlishe asubuhi mapema na jioni jua likishatua.

Ukitaka kumbadilishia chakula, fanya kwa siku saba. Anza na kipya kidogo ndani ya kile alichozoea, ukiongeza kila siku. Ukibadilisha ghafla utapata kuhara, nawe utadhani chakula kipya ni kibaya.

Kifua kirefu, hatari ya tumbo

Boxer ana kifua kilichoshuka chini. Mbwa wa umbo hilo wanaweza kupatwa na dharura ambapo tumbo hujaa gesi kisha hujipinda, damu ikazuiwa. Tatizo hili huua ndani ya saa chache.

Mambo yanayosaidia kulizuia ni rahisi. Gawa chakula mara mbili, usimpe mlo mmoja mkubwa wa usiku. Akila kwa pupa, weka katikati ya sahani jiwe kubwa safi asiloweza kulimeza, ili alazimike kula akilizunguka. Baada ya kula apumzike saa moja au zaidi, na watoto wasimkimbize wala kumrushia mpira kwa muda huo.

Dalili zake kila mtu nyumbani azijue: tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu, mate yanamtiririka, hatulii. Ukiona hivyo usimpe maziwa wala mafuta, na usisubiri kupambazuke. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Utumbo mbichi na afya ya mtoto

Hapa ndipo sahani ya mbwa inapomgusa mtoto wako.

Buchani mara nyingi kuna mabaki ya bei nafuu: mapafu, maini yenye vivimbe, vipande vya utumbo. Watu humpa mbwa vikiwa vibichi. Ndani ya vivimbe hivyo vya maji katika mapafu na maini ya mbuzi, kondoo au ng'ombe kunaweza kuwa na viluwiluwi vya mnyoo mdogo wa jamii ya tegu. Mbwa akivila, minyoo hukua tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mayai hushika kwenye manyoya, kwenye mchanga wa uani na kwenye mikono ya mtoto anayemkumbatia. Mtoto akiweka mkono mdomoni, ameyameza.

Mwilini mwa binadamu mayai hayo hujenga vifuko vya maji kwenye ini au mapafu. Vifuko hukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Huu ni ugonjwa wa haidatidi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ulienea kiasi kwamba katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilikuwa na mpango maalumu wa kupambana nao.

Kinga yake iko jikoni. Nyama na matumbo ya mbwa yapikwe hadi yaive kabisa ndani. Mapafu au maini yenye vivimbe usiyapeleke nyumbani kabisa, hata kwa bei ya bure.

Mpe dawa ya minyoo kwa ratiba. Mbwa mchanga huanza akiwa na wiki mbili, kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi miwili, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Muulize daktari kama dawa unayopewa inaua na tegu, kwa sababu si zote zinazoua. Prazikwanteli ndiyo inayotumika zaidi kwa kazi hiyo.

Mtoto naye anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka kucheza na mbwa, na kinyesi cha uani kiokotwe kila siku.

Vilivyo salama kwetu, sumu kwake

Hii sehemu msomeshe na mtoto, maana mara nyingi yeye ndiye mgawaji.

Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kikiwa kibichi au kimepikwa. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa mchanga wa kilo 5, hizo ni kama gramu 75, yaani kitunguu kimoja cha wastani. Na kidogo kidogo cha kila siku kwenye mchuzi na pilau nacho hujilimbikiza.

Chokoleti humwathiri moyo na mishipa ya fahamu, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya zaidi. Zabibu, mbichi au kavu, zikiwamo zile za kwenye keki na biriani, zinaweza kuua figo. Baadhi ya chingamu, peremende na siagi za karanga zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla hadi akaanguka. Pombe, kahawa na majani ya chai yaliyochujwa visimfikie pia.

Kuna na vinavyokwama. Gunzi la hindi la kuchoma linanukia vizuri, mbwa hulimeza vipande vipande, na haliyeyuki tumboni. Kokwa la embe na la parachichi ni hivyo hivyo. Mfupa wa kuku uliopikwa hukatika kwa ncha kali na unaweza kutoboa utumbo. Sikukuu ni wakati wa hatari zaidi, kwa sababu kila mgeni ana mfupa mkononi. Waambie wageni mapema, au mfungie mbwa upande mwingine hadi sahani zitolewe.

Unga uliooza usimpe mbwa

Nyumba nyingi zina desturi hii: unga ukipata ukungu, au mahindi yakiota rangi ya kijani, hayatupwi, ni ya mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoshambulia ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo sana, na kuipika hakuiondoi.

Mfuko wa chakula kikavu nao uhifadhiwe penye ukavu, umefungwa, juu ya kichanja na si kwenye sakafu yenye unyevu. Unga usiofaa kwa mtoto wako haufai kwa mbwa wake.

Maneno ya mtaani

"Mbwa wa ulinzi akishiba hulala." Mbwa mwenye njaa ndiye anayeshindwa kazi, maana mwizi akimtupia kipande cha nyama anakila, na huenda kina sumu. Mbwa aliyelishwa kwa saa maalumu, kwenye sahani yake, hana haraka na cha kutupiwa.

"Nyama mbichi na pilipili humfanya mkali." Pilipili humuumiza tumbo, basi. Ukali wa mbwa hutokana na malezi, hofu na mateso, na nyumba yenye watoto haihitaji mbwa aliyeumizwa.

"Chakula kisicho na nafaka ndicho bora." Wanaonunua mifuko ya nje hulisikia hili sana. Boxer ni mbegu yenye historia ya magonjwa ya moyo. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa misuli ya moyo wakila vyakula vya aina hiyo, vingi vikiwa na njegere na dengu kwa wingi. Haijathibitishwa kwamba chakula hicho ndicho chanzo, lakini kwa Boxer hakuna sababu ya kulipa zaidi ili kukosa nafaka. Na kama Boxer wako anazimia au anachoka ghafla, usibadilishe chakula ukangoja. Mpeleke akapimwe moyo.

Mtoto na sahani

Mtoto mdogo asimlishe mbwa peke yake, na hakuna anayemgusa mbwa anapokula, hata awe mpole namna gani. Mbwa anayelinda chakula huuma haraka, na uso wa mtoto uko karibu kabisa na mdomo wake. Ikitokea ameumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana chanjo ya kichaa.

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kupewa kazi yake: kubadilisha maji asubuhi na jioni, kuosha sahani, kuweka alama kwenye karatasi ya ukutani kwamba mbwa ameshakula. Karatasi hiyo itamaliza tabia ya mbwa kulishwa mara tatu na watu watatu wasioulizana. Samaki mkunje angali mbichi, na hapa unakunja wawili kwa pamoja, mbwa na mtoto.

Utajuaje anakula sawa?

Pitisha viganja vyako mbavuni kwake. Mbavu zipapaseke kwa urahisi chini ya ngozi, kama unavyopapasa vifundo vya nyuma ya kiganja chako, bila kubonyeza kwa nguvu. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane kimeingia. Ukitazama ubavuni, tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma. Mbavu zikizama kwenye mafuta, punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, kisha mwangalie tena baada ya wiki mbili. Zikionekana zote kwa mbali, ongeza, na umpime minyoo.

Kinyesi nacho kinasema. Kiwe kimeshikana na rahisi kuokota. Boxer wana matumbo mepesi, kwa hiyo siku moja ya kuharisha isikutie hofu. Lakini kuharisha kwa siku mbili, damu kwenye kinyesi, au mbwa mchanga anayeharisha huku akitapika, ni safari ya kwa daktari.

Wiki hii fanya matatu tu. Chagua mtu mzima mmoja wa kusimamia chakula cha mbwa. Tafuta kikombe kimoja cha kupimia, kikae hapo hapo kwenye mfuko au debe lake. Kisha kaeni na watoto, muandike orodha ya vitu ambavyo mbwa hapewi, muibandike kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo na mgeni ataiona.

Tukutane wiki ijayo.